Nimeiua Gramafoni ya Shemeji

Sumbawanga, Jumamosi, mwezi wa saba.

Upepo haujatulia tangu alfajiri, na vidole vimekufa ganzi hata kalamu inaniteleza. Lakini moyoni nina joto. Nimelipiza.

Nasema wazi kwa sababu hapa hakuna wa kunisuta. Shemeji yangu Hamisi alininyang'anya gramafoni. Marehemu mume wangu aliinunua Mbeya, ile ya kutumia betri ya lori, na ndiyo iliyokuwa ikijaza viti kwenye hoteli yetu ya chai. Nilipotoka eda, wazee wa ukoo wao walikaa barazani wakaamua kwamba chombo kile ni cha mwanamume. Mimi, binti wa wakulima wa ulezi wa Pito, nikaachiwa masufuria. Hamisi akafungua hoteli yake Milanzi, akaiweka gramafoni mlangoni, na makarani wa boma na madereva wote wakaufuata muziki. Siku hizi chai yangu namwaga birika zima. Na wanangu wanakula kwa chai hiyo hiyo.

Basi nikamchukia.

Hamisi hakujua jambo moja. Ndani ya kichwa cha ule mkono unaoshika sindano mna kipande cha fuwele, kidogo kama punje ya mchele. Sindano ikitetemeka kwenye mifereji ya santuri inaiminya fuwele, na fuwele ikiminywa inatoa umeme yenyewe, kidogo sana, ambao mashine inaukuza mpaka unakuwa sauti ya kujaza nyumba. Fundi wa Mbeya alimweleza mume wangu, naye akanieleza mimi huku nakanda unga. Na fuwele yenyewe ni aina ya chumvi. Unyevu unaiharibu, moto unaiua kabisa. Ndiyo maana mume wangu alikuwa mkali mtu akisogeza jiko karibu nayo.

Sasa Hamisi amekulia Ilemba, kule bondeni kwenye joto. Baridi yetu ya huku juu inamtesa, anavaa makoti mawili na bado anatetemeka. Wiki iliyopita nilikwenda kwake kumjulia hali mkewe. Akaniuliza kwa adabu kabisa, "Shemeji, hivi kaka alikuwa anaitunzaje hii wakati wa baridi?"

Nikamtazama usoni. "Inaumwa baridi kama wewe, shemeji. Isogezee jiko."

Hivyo tu. Wala sauti haikunitetemeka.

Leo asubuhi amekuja ameibeba mwenyewe kifuani. Santuri inazunguka vizuri, lakini kinachosikika ni mkwaruzo wa sindano peke yake. Nilikuwa nimejiandaa kumcheka akishapiga kona. Kumbe alikuja na machozi.

"Nimeharibu kumbukumbu ya kaka," akasema. "Nisamehe, shemeji. Bora ikae kwako."

"Ni kazi ya Mungu, shemeji," nikamjibu, nikamkaribisha na chai.

Iliniuma. Kidogo.

Ilikuwa kidogo kwa sababu nilikuwa na langu jambo. Mume wangu alinunua kichwa kingine cha akiba, na wakati wa msiba nilikitorosha kwa mama, Pito. Hamisi alipoondoka tu nikajifunga khanga nikaenda karibu mbio, njia nzima naviona viti vyangu vimejaa tena na yeye yuko Milanzi anapunga nzi.

"Kipo salama, mwanangu," mama akaniambia. Akaingia jikoni, akanyoosha mkono darini, juu ya mafiga, pale anapohifadhi mbegu za ulezi zisiliwe na wadudu. Akanishushia kifurushi cheusi kwa masizi. Kilikuwa na joto kama kiazi kilichotoka jivuni.

"Mama! Umekiweka juu ya moto?"

"Si uliniambia ni kitu cha thamani? Sasa nikiweke wapi?"

Siri niliyomficha Hamisi kwa makusudi, mama nilisahau kumwambia.

Jioni hii nimekifunga kwenye mkono wa gramafoni, nikaweka santuri aliyoipenda mume wangu. Mkwaruzo mtupu.

Nimelia, halafu nikacheka mpaka wanangu wakaja kuchungulia. Kupata kichwa kingine ni mpaka Mbeya, na nauli sina. Nilidhani sasa nitajuta. Nimejichunguza vizuri, nikakuta namwonea Hamisi huruma na bado nataka ashindwe. Yote mawili yamo humu humu, na sijui nifanyeje.

Kesho nitawasha moto mapema, nitie tangawizi na maziwa ya kutosha. Hamisi naye atafungua kwake, bila muziki kama mimi. Chai yake nimeshainywa. Ni maji ya kuoshea vikombe.

Sasa wateja watainywa kimya kimya, waionje.