Anayeruka Pale Ni Mwanangu

Mdogo wangu kipenzi,

Mimi mzima, ni magoti tu yanayonisumbua. Jana nilikwenda kuitazama ile filamu ya kumsaka muuaji wa kukodiwa. Nikamwambia mama niliyekaa naye, "Anayeruka pale si staa, ni mwanangu! Staa mwenyewe hata ngazi anaiogopa." Akacheka mpaka akapaliwa.

Kumbe ile sehemu aliyofia mwanangu wakati wa kurekodi hawakuikata. Akiwa na nguo za muuaji, akaruka kutoka ghorofa ya nne, akaangukia mgongo. Ukumbi mzima ukapiga makofi, na mimi nikapiga. Mara muuaji akaanza kuinuka, akijipangusa vumbi. Akageuka, nikaona sura ya staa.

Mdogo wangu, nilikuwa nimeshasimama nimpokee.

Ni mimi dada yako, mama yake shujaa