Meno ya Mama

Egina, 12 Januari 1986

Mdogo wangu Stamatis,

Hujambo? Wifi yangu Lorraine naye hajambo? Mimi nipo, ila nyonga haitaki kupona tangu nilipoanguka kwenye ngazi za kanisa. Natembea kwa mkongojo, na meli siwezi kupanda hata wanibebe kama gunia la pistachio.

Sasa nisikilize vizuri. Mwezi wa pili Mama anatimiza miaka mitatu kaburini. Wewe uko Melbourne tangu ujana, labda umesahau mambo ya huku. Athens kaburi ni la kupanga, miaka mitatu ikiisha wanakufukua. Ndugu anasimama pale, anaipokea mifupa, anaiosha kwa divai na kuiweka sandukuni. Asipotokea ndugu, inatupwa kwenye shimo la wote, na ikishaingia humo haitoki.

Unajua bahari ilivyofungwa wiki ile alipofia hospitalini Athens, hakukuwa na meli ya kumleta huku kisiwani, ikabidi nimzike hukohuko kati ya watu asiowajua. Alinishika mkono akasema, "Argyro, mnirudishe kwa baba yenu. Na Stamatis ndiye anioshe." Si mimi niliyemhudumia miaka yote ile. Wewe! Niliumia, sikufichi. Lakini ndivyo alivyotaka. Mazishini hukuja. Hii usikose, nakuomba.

Dada yako,
Argyro

Melbourne, 2 Februari 1986

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Pole sana na nyonga. Sisi wazima, joto tu linatuua, huku ni kiangazi.

Nitakuja. Nimepiga simu makaburini, wamenipa Jumatatu tarehe 17 Machi asubuhi. Tutafika Athens Alhamisi. Lorraine hajawahi kuona Ugiriki: anataka Akropoli, anataka visiwa, na kofia ya jua keshanunua. Namwambia mwezi wa tatu huko si wa kofia, ananicheka.

Mama nikishamchukua, nitamleta mwenyewe kwa meli nimlaze kwa Baba. Halafu tutakaa uani kwako tule samaki, unigombeze mpaka uchoke. Usiwe na wasiwasi, dada.

Mdogo wako,
Stamatis

Egina, 24 Februari 1986

Stamatis mdogo wangu,

Salamu nyingi. Barua yako imenifanya nilie mbele ya mleta barua, aibu tupu. Mimi sijambo, nyonga ni ileile.

Makaburini kwanza, visiwa baadaye. Umenisikia? Upepo wa kusini mwezi wa tatu hauna adabu, na ukiamka hakuna meli inayothubutu kutoka. Wifi yangu avumilie siku nne tu, kisha azunguke mpaka achakae.

Kitambaa cheupe cha kufungia mifupa nimekituma hotelini kwenu. Alikifuma Mama mwenyewe kwa ajili ya siku hiyo. Divai ununue nyekundu. Na ukiwa unamwosha, zungumza naye, usisimame kimya kama mgeni.

Dada yako,
Argyro

Idra, Jumapili, 16 Machi 1986

Dada,

Shikamoo, na tafadhali usinifokee. Jana Lorraine aliomba ile safari ya siku moja, visiwa vitatu na chakula cha mchana. Anga lilikuwa jeupe, nikasema siku moja itatudhuru nini. Tumepita karibu kabisa na kwetu, nikamwonyesha mnara wa kanisa letu. Tulipofika huku Idra upepo ukaamka. Bandari imefungwa. Tumelala kwa mama mmoja anayepangisha vyumba.

Wanasema usiku utatulia, kesho alfajiri tutatoka. Nitawahi, Mungu akipenda. Simu za huku zimekatika.

Mdogo wako,
Stamatis

Athens, Jumamosi, 22 Machi 1986

Dada yangu Argyro,

Shikamoo. Natumaini nyonga inakupa nafuu. Habari ni njema.

Meli hazikutoka mpaka Alhamisi, lakini makaburini walinisubiri, Mungu awabariki. Jana Mama nimemchukua. Nimemwosha kwa divai kwa mikono yangu, nimezungumza naye kama ulivyoniagiza. Mifupa ni ya manjano safi, ile rangi mliyokuwa mkisema ni ya mtu mwema. Na nilimtambua papo hapo, dada, kwa meno yake. Unakumbuka alivyokuwa akicheka meno yote nje? Akipasua pistachio kwa meno na kututemea maganda? Yapo vilevile, mazuri. Nililia kama mtoto.

Ndege yetu ni leo jioni, sikuweza kufika kwako. Nisamehe. Sanduku na barua hii namkabidhi nahodha wa meli ya mchana, tuma mtu bandarini.

Mdogo wako,
Stamatis

Egina, 6 Aprili 1986

Stamatis,

Mzima? Mimi si mzima.

Sanduku lilifika. Nilitaka kumsalimia kabla padri hajaja, nikafungua kitambaa. Meno uliyoyasifu yapo kweli.

Mama alikufa hana jino hata moja. Hata moja! Lilipomtoka la mwisho mimi ndiye niliyemshikia beseni. Baada ya hapo kila alichokula nilimpondea kwa uma, hata mkate, hata mboga, miaka kumi na miwili. Au siku hizi watu wanaota meno kaburini?

Nani alikusubiri? Nawajua wale: Jumatatu walimfukua, hakuna aliyesimama pale, wakamtupa shimoni. Ijumaa wakakuonyesha lundo la mifupa ya wengine ambayo haijatupwa bado, nawe ukachagua. Hilo la kusubiriwa umenidanganya, na kwa hilo ningekuzaba kofi hadharani. Lakini la meno hukudanganya. Ulimtafuta yule mama mwenye meno uliyemwacha ujanani bandarini Pirea akikupungia mkono, ukadhani umempata. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, kwamba ulilia kwa kweli juu ya mtu usiyemjua.

Niandikie. Nigombeze, jitetee, sema lolote. Niambie tu shimo lenyewe liko upande gani wa makaburi, nimtume padri akamwombee.

Argyro

Egina, 8 Machi 1987

Mdogo wangu Stamatis,

U hali gani? Hujajibu. Lorraine alituma kadi ya Krismasi, ndiyo imenijulisha kwamba uko hai na unaenda kazini. Mwambie asante, na kwamba sina ugomvi naye.

Yule mgeni nilimzika kwa Baba. Ningempeleka wapi maskini, naye ana mtu wake aliyechelewa kama wewe? Hapa kisiwani sijamwambia mtu. Wanamwita Mama, nami namwita Mama. Jana ilikuwa Jumamosi ya Wafu, nikapika ngano ya kuwaombea, sahani mbili. Moja nikaipeleka kwake. Nyingine nikaimwaga baharini kuelekea Athens, maana sina pengine pa kuipeleka. Nilikukasirikia mwaka mzima, sasa nimechoka.

Nyonga imeharibika. Baada ya Pasaka wananipeleka Athens kunipasua, na daktari anaangalia pembeni akizungumza nami. Nikifia huko nitazikwa huko, na miaka mitatu itaanza kuhesabiwa. Sina mtoto, Stamatis, nina wewe tu. Kwa hiyo shika haya, na uyaandike mahali. Nina meno manne, yote ya chini, upande wa kushoto. Nyonga ya kulia watanitia chuma. Usije ukachukua mtu mwingine.

Dada yako,
Argyro