Wageni Walikuta Mapipa Yamejaa

Gatuanyaga
3 Agosti 2024

Mbinya,

Kwani uliolewa na Ruiru? Tangu Pasaka ya mwaka jana sijaona hata kisigino chako. Kutoka Kimbo mpaka hapa si safari ya ndege. Mtu akitoka asubuhi, saa sita anakula kwangu. Nimekulea tangu unanyonya kidole, nikakupa jina langu, na sasa nakuuliza kwa barua kama mtu anayetafuta mkopo.

Haya, hujambo? Kifua kimepona? Mimi niko. Magoti yanalia, macho yanaona mbali kuliko karibu, mbuzi mmoja ana mimba.

Anayeandika ni jirani yetu Syokau, yule wa posho mili ya kusaga mahindi, kwa sababu shule mimi niliiona kutoka nje nikichunga. Nimemwambia aandike kila neno kama linavyotoka. Kuna moja amekataa, anasema yeye ni mtu wa kwaya. Simu usiniletee. Kwa simu mtu akiambiwa ukweli anasema netiwaki imepotea. Barua ataipeleka Kivuva, yule anayeuza maziwa huko Kimbo.

Sasa habari. Mwezi wa sita wageni wa shirika lenu walikuja, wale wanaochimba visima na kujenga vyoo kwa pesa za watu wa ng'ambo. Kanisani tulitangaziwa mapema, na mimi sikulala kazini. Siku mbili niliwatoa wanawake mbio, mtoni na kurudi, mtoni na kurudi, mpaka kila pipa la kijiji hiki likajaa hadi mdomo. Uwanja tukaunyunyizia maji, vumbi likalala chini likanyamaza. Vikombe vikaoshwa mara mbili. Yule bwana wa fomu, Mwangangi, akaniuliza maji tunachota wapi. Nikamwambia, hapo tu. Akauliza kama yanatosha. Nikamwambia, kunywa baba, usiogope. Akaangalia mapipa, akaandika, akaniomba kikombe cha pili. Nikajua tumefaulu.

Basi wewe unayekaa ndani ya hiyo ofisi, niambie mashine ya kuchimba inakuja lini. Kwa sababu siku hizi, jua la saa nane likinikuta kwenye kiti, nasinzia, na nasikia maji yakitembea chini ya sakafu. Yanatembea polepole kama watu wanatoka ibadani, wanaongea, hakuna aliye na haraka. Naweka mguu chini na udongo uko baridi. Nikifungua macho ni vumbi, na jirani yetu Mukonyo anapita na mtungi mgongoni, ameinama.

Jibu upesi.

Mimi Susu yako


Kimbo, Ruiru
19 Agosti 2024

Mpendwa Susu,

Salamu nyingi. Natumaini magoti yametulia, na huyo mbuzi pia anaendelea. Kifua kilipona. Mimi niko sawa kabisa, usiwe na wasiwasi.

Nimesoma barua yako mara nyingi nikiwa nimekaa kando ya mfereji. Hapa kwetu maji hufunguliwa Jumanne na Ijumaa. Kabla hayajafika bomba hukohoa, likatoa upepo tu, na sisi wapangaji tunasimama na ndoo tukiusikiliza huo upepo kama ni mtu anataka kusema jambo. Wakati mwingine nafunga macho, naona njia ya mtoni imepita katikati ya ploti hizi za Kimbo, na wewe uko mbele yangu, hugeuki nyuma.

Susu, nina habari ambayo si nzuri. Orodha imetoka. Kijiji chetu hakimo.

Fomu zilisema kwamba kwenu maji yapo. Ziliandika kwamba chanzo kiko karibu, kila nyumba ina akiba ya kutosha, na hata uwanja unamwagiliwa. Vijiji ni vingi na pesa za wafadhili ni za visima sita tu, kwa hivyo walichagua wale walioonekana wana shida zaidi.

Unaniuliza mbona siji. Ni sheria ya kazi. Mfanyakazi mwenye kwao katika eneo la mradi haruhusiwi kukanyaga huko mpaka orodha ifungwe, isisemekane kwamba anavutia watu wake. Itafungwa mwisho wa Oktoba. Nivumilie.

Wako akupendaye,
Mjukuu wako Mbinya


Gatuanyaga
28 Agosti 2024

Mbinya,

Salamu utazipata mwishoni, kama zitabaki.

Aiya! Kwa hivyo tumenyimwa maji kwa sababu ya adabu? Hao watu walitaka nini? Niwakute mlangoni na kikombe kitupu? Niwaambie, karibuni, lambeni vumbi? Mgeni tangu zamani anakuta maji nyumbani, hata kama mwenye nyumba jana alinawa kwa umande. Na akiuliza njia ni ndefu kiasi gani, unamwambia ni fupi, ndiyo asichoke kabla hajaanza. Nani hajui hayo?

Wazungu hawajui, sawa. Mwangangi anajua. Ni Mkamba kama sisi, mama yake alimfunza, lakini alikuwa ameshika kalamu, na mtu akishika kalamu anasahau kwao.

Nimewaambia wanawake. Hakuna aliyenilaumu na hiyo ndiyo mbaya. Mukonyo alikaa tu kwenye mtungi wake akaangalia mlima wa Kilimambogo. Halafu akasema, "Basi tulibeba ule mzigo wote ili tunyimwe." Akaenda zake. Ni mimi niliyewatuma mtoni, Mbinya. Ni mimi.

Sasa nakuuliza neno moja, na Syokau ameliandika kwa herufi kubwa nilivyomwambia. Hizo fomu NANI ALIZISOMA? Kama ni wewe, wewe unanijua. Ulilala katika nyumba hii. Hukujua yale mapipa?

Salamu zimebaki kidogo. Chukua.

Susu


Kimbo, Ruiru
27 Septemba 2024

Susu wangu,

Nisamehe kwa kunyamaza. Nimeanza barua hii mara nne.

Ni mimi niliyezisoma. Ziliwekwa mezani kwangu nizihakiki kabla ya kwenda kwa mkubwa wetu, Bwana Gachanja. Nilipofika pale pameandikwa mapipa yote yamejaa, nilikuona. Nilikuona umefunga leso kiunoni, unawafokea wanawake waongeze mwendo. Nilijua, Susu. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Lakini niliogopa kusema, kwa sababu ningesema ningeulizwa nimejuaje, na ningejibu ni kwetu, na wangesema ndiyo, anawapendelea watu wake. Mkataba wangu ni wa mwaka kwa mwaka. Nikapiga muhuri.

Tangu hapo nikilala, naota karatasi zimelowa. Nazianika kwenye kamba, zinadondosha maji, na chini hapapati hata tone.

Juzi nilienda kwa Bwana Gachanja nikamweleza yote. Alivua miwani. Akasema, "Ungeniambia mwezi wa saba, Mbinya." Basi. Lakini kuna mama kutoka kwa wafadhili atakayekuja kukagua kabla orodha haijafungwa, na Bwana Gachanja amekubali apitie kwenu tarehe kumi Oktoba, na Mwangangi. Ni mara moja tu.

Nakuomba, Susu, kwa magoti. Msichote. Siku hiyo iwe kama siku ambayo hakuna mgeni. Mapipa yakae yalivyo. Najua ninakuomba nini.

Mjukuu wako Mbinya


Gatuanyaga
14 Oktoba 2024

Mbinya,

Hujambo, mama. Nimekasirika na wewe, na hasira hiyo bado iko, nimeiweka mahali nitaipata. Lakini ulisema mwenyewe, hukungoja kukamatwa. Leo acha nikueleze. Syokau amefunga posho mili mapema, ana kalamu mbili.

Barua yako tuliisoma wanawake wote nyuma ya kanisa. Mukonyo akasema heri afe kuliko mgeni atoke kwake mdomo umekauka. Nikamwambia, "Kufa baada ya tarehe kumi." Tukakubaliana hakuna atakayechota isipokuwa ya kupika jioni. Na mimi nilikuwa wa kwanza kutaka kuvunja. Asubuhi ile nilishika mtungi, nikauweka chini, nikaushika tena. Mikono ilikuwa inawashwa.

Wakafika saa nne. Mama mweupe, mrefu, nywele za mvi kama zangu, na Mwangangi na fomu zake. Nikasema karibuni. Wakakaa. Halafu ikawa kimya, Mbinya, kimya ambacho sijawahi kukisikia nyumbani kwangu, kwa sababu wakati huo ndio kikombe kinafika. Hakukuwa na kikombe.

Yule mama akaomba choo. Nikamwonyesha kile chetu cha mabati. Alipotoka akanyoosha mikono, anatafuta pa kunawa. Nikampa majivu. Nimezika mume, nimezika mwanangu, babako, lakini aibu kama ile sijawahi kuona. Uso ulinichoma mpaka masikioni.

Basi mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema, "Chai iko. Majani yako, sukari iko, maziwa ya mbuzi yako, moto unawaka. Kilichobaki ni maji. Inukeni twende."

Mwangangi akacheka. "Nyanya, tuna dakika ishirini hapa."

"Chai ya dakika ishirini utaipata kwa mama yako. Hii ni yangu."

Yule mama akauliza nimesema nini. Sijui Mwangangi alimwambiaje, lakini mama huyo alivua saa ya mkono, akaitia mfukoni, akachukua mtungi.

Nilienda, mimi na magoti yangu. Sijafika mtoni tangu mwezi wa sita. Nikashika fimbo na Syokau akanishika mkono mwingine. Jua lilikuwa limelainisha kila kitu. Kilimambogo haukuwa umekaa chini, ulikuwa umeinuka kidogo hewani kama sufuria inayoanza kuchemka. Watu waliotangulia walikuwa wanakatika miguu kwa joto, wanaelea, halafu wanarudi kuwa watu. Kuna mahali nilisahau ninaenda wapi. Nikaona ni wewe mdogo unayetembea mbele yangu, nguo imechanika nyuma, nikataka kukuita. Akageuka, alikuwa ni yule mama, mwekundu kama nyanya iliyoiva, anauliza kwa mikono kama bado.

Nikamwambia kwa mikono, hapo tu. Mazoea, Mbinya. Siwezi kuyaacha.

Mtoni ng'ombe walikuwa upande wa juu, maji yanakotoka, wamesimama ndani ya maji wanafanya yao. Tukachota chini yao. Mukonyo akaangalia kama kuna kiboko upande huu, mwanamke mwingine akaangalia upande ule. Yule mama akataka kubeba mtungi kwa mkono. Nikamwambia Mwangangi, mwambie hivyo hatafika. Nikamfunga kamba mimi mwenyewe, nikaipitisha kwenye paji la uso wake, mzigo ukakaa mgongoni. Akapumzika mara saba. Mara ya tano alilia kidogo, nikajifanya naangalia ndege. Mwangangi naye alibeba, na hakucheka tena.

Tulifika nyumbani saa tisa. Sasa maji yale lazima yakae tope lishuke. Halafu yachujwe kwa kitambaa. Halafu yachemke sana. Nikawapa chai saa kumi na nusu. Yule mama akashika kikombe kwa mikono miwili, hakukunywa upesi, alikuwa anakiangalia ndani. Akauliza kitu. Mwangangi akanigeuzia: "Nimemwambia mwezi wa sita tulikunywa vikombe viwili viwili. Anauliza yale maji yote yalitoka wapi."

Ni Mukonyo aliyejibu, akageuka akamwonyesha mgongo wake. Kamba imemchora alama hapa kichwani na mtungi umemla hapa mabegani.

Hakuandika kitu hapo kwangu. Aliniomba kikombe cha pili. Nikampa, kilichokuwa cha kwangu.

Sasa tunangoja.

Susu yako


Kimbo, Ruiru
22 Novemba 2024

Susu wangu mpendwa,

Keti kwanza. Umeketi? Kijiji kimerudi kwenye orodha. Visima vimekuwa saba. Watachimba mwezi wa pili, na kuna vyoo vya kanisani na vya shule, na mahali pa kunawa.

Yule mama aliandika ripoti ndefu. Sasa wamebadilisha fomu. Kabla ya swali lolote, anayeuliza lazima aende kuchota na watu wa nyumba hiyo. Mwangangi anasema mgongo wake haujapona na anakusalimia.

Hapa kuna mabadiliko kidogo, lakini mimi niko sawa. Kazi inaendelea vizuri, nakula vizuri. Nitakuja nikipata nafasi.

Mjukuu wako Mbinya


Gatuanyaga
16 Februari 2025

Mbinya,

Hujambo? Sijambo. Mbuzi alizaa wawili.

Nafasi uliyosema imepotelea wapi? Krismasi imepita, Januari imepita. Mashine imekuja juzi. Imesimama nyuma ya kanisa, inanguruma, nyumba yangu yote inatetemeka na vikombe vinaongea. Jana mchana walipata maji. Yalitoka meusi, kisha ya kahawia, kisha Mukonyo akapiga kelele. Nilikaa hapo kwenye tope na nguo yangu ya Jumapili, hakuna aliyeweza kuniinua, na sikutaka kuinuliwa.

Mwangangi alikuwapo. Nikamwuliza, mbona mjukuu wangu hakuja na nyinyi? Akaangalia viatu vyake. Nikamshika sikio. Akaniambia tangu mwezi wa kumi na moja ulitolewa mezani kwa ajili ya ule muhuri, ukapelekwa stoo kuhesabu mabomba, na Disemba mkataba ukaisha na hawakuandika mwingine. Kwamba ulihama chumba, sasa mnalala watatu. Kwamba alikuona ukiuza mayai ya kuchemsha pale stegi ya matatu ya Kimbo.

Ati "nakula vizuri." Ati "mimi niko sawa." Syokau amenisomea barua yako ya Novemba tena na tena, nikitafuta mahali umeandika haya. Hakuna.

Sikia, mwiitu wakwa, binti yangu. Kuuza mayai si aibu. Ile hasira yangu niliyokuwa nimeiweka, nimeenda kuitafuta sikuiona. Nimeandaa kitanda kile cha dirishani. Njoo Jumamosi hii. Usinunue zawadi, usikope nguo kwa mtu. Usikae mlangoni ukasema umekula njiani. Ingia ndani, nikiwa nimekaa, uniambie kwa mdomo wako, "Susu, nina njaa." Usipolisema hilo neno sikupakulii, tutakaa hapo tukiangaliana mpaka muthokoi upoe sufuriani.

Mimi Susu yako, mwenye jina lako