Njia Tuliyoifunga kwa Katani

Mpendwa Baba Bhoke,

Nakuandikia habari ya njia ya msituni, maana uliondoka hatujaizungumza.

Serikali ilipotuhamishia kijiji cha ujamaa, huku Kenyamonta, zahanati ilibaki ng'ambo ya msitu. Bwana misitu aliruhusu tutengeneze njia, ila tusikate mti mbichi. Hakuna aliyetaka kusimamia kazi ya kujitolea, wakakutupia wewe, nawe ukaipokea kama umepewa uwaziri. Kila Jumamosi ulitutoa na majembe na mafyekeo. Ulipima upana kwa machela, na mtu mmoja kila upande. "Kwanza mifereji ya maji, majani baadaye," ulitusumbua hivyo mpaka tukakuita Bwana Barabara. Nilikuonea fahari, ingawa nyumbani paa lilivuja.

Ila penye upana wa machela, ng'ombe wawili hupita sambamba. Hilo hatukuliwaza, sisi watu wa ng'ombe! Wezi waliliwaza. Walipitisha humo ng'ombe wote wa kaka yangu Mwita, wale aliowaweka kwa ajili ya kuoa.

Kwenye mkutano wa kijiji nilisimama kwa hasira. "Mume wangu amewachongea wezi barabara. Ifungwe!" Watu walicheka, wakapiga makofi, wakanyoosha mikono. Wewe uliinamisha kichwa. Jumamosi iliyofuata ulipanda katani mwenyewe, pale njia inapobanwa na mawe makubwa, mistari mitatu iliyonyooka. Nyumbani nilisubiri unigombeze. Hukunigombeza, na hilo liliniudhi zaidi.

Mvua za mwaka wa tatu tumbo likakushika. Asubuhi Mwita na wenzake watatu walikubeba kwa machela, mimi nikifuata na uji. Tulipofika kwenye katani, ilikuwa imefunga kabisa. Mwita akachomoa panga.

"Acha, shemeji," ukasema. "Mkutano umeamua. Zungukeni."

"Mkutano gani tena? Wewe unaumwa!"

"Zungukeni."

Mwita akanigeukia. "Dada, unasemaje?"

Nilijua ananiuliza kwa sababu mimi ndiye niliyetaka ifungwe. Nikawaza wanawake kisimani watakavyosema: kumbe ikiwa ni mume wake, njia hufunguka. Nikatazama chini. Wakainua machela, wakazunguka msitu mzima. Tulipofika mtoni ulikuwa hujibu tena.

Mganga wa zahanati aliniambia huenda hata kuwahi kusingesaidia. Huenda. Neno hilo nimeishi nalo miaka yote hii, na halijanipa usingizi mzuri hata siku moja.

Watu wa hapa wanakusifu mpaka leo kwamba uliheshimu uamuzi wa kijiji hata ukiwa kwenye machela. Swali la Mwita sikuwahi kuwaambia. Juzi vijana wanaojitolea kusafisha msitu walikuja kuuliza kwa nini katani ile iko katikati ya njia. Bhoke alikuwepo, mtu mzima sasa. Niliwaeleza yote, pamoja na swali la Mwita na kutazama chini kwangu. Bhoke aliinuka akatoka nje, na bado hajazungumza nami.

Sikulaumu kwa kutii. Pale kwenye mawe wote walikuwa tayari kukata, walingoja neno langu tu. Nilikupenda, Baba Bhoke, na niliogopa kuchekwa. Nisamehe.

Mkeo,
Mama Bhoke