Vidonda Vyangu vya Mdomoni Huku Kaole

Dada Mwanaidi, shikamoo.

Harusi ya binti wa shangazi imefana, ila jua la Kaole linachoma. Jana kwenye pilau nilitia kachumbari mdomoni, ikagusa vile vidonda vyangu, machozi yakanitoka mbele za watu. Shangazi Zuhura, si unajua alikuwa nesi, akanivuta pembeni.

"Vinarudi mara ngapi?"

"Karibu kila mwezi, shangazi."

Akaacha kuutazama mdomo, akakitazama kitambi changu. Leo asubuhi kanipeleka zahanati. Presha iko juu, sukari iko juu, nami nilijiona mzima! Daktari amesema hawezi kuapa kwamba ndivyo vinavyoleta vidonda, ila kitambi, presha na sukari vikikutana, vidonda vya kurudiarudia huonekana zaidi. Niliogopa, dada, nisikufiche. Shangazi alinishika mkono mpaka nyumbani.

Sasa nakuwaza wewe, unayepaka asali kwenye vidonda vya ulimi kila mara ukisema ni uchovu tu. Tafadhali nenda kapime kesho, kisha unipigie. Tangu mama afariki, wewe ndiye mama yangu, na nataka nikuone ukizeeka.

Nduguyo akupendaye,
Rajabu