Aliyekunywa Mafuta ya Pikipiki Yako

Nyumba ya pili nyuma ya tanuri la mikate,
Chumba cha cherehani.
Jumapili mchana, tarehe 14 mwezi wa sita.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Pokea salamu za dada yako. U hali gani? Baridi ya huko bado inakutafuna masikio? Na wifi yangu hajambo? Kile kikohozi chake kimekwisha? Mwambie anywe vitu vya moto na aache kutembea ndani bila soksi, hata kama anaona mimi wifi yake najifanya mama mkwe. Sisi huku tunashukuru. Shemeji yako mzima. Mpwa wako ameng'oka meno mawili ya mbele, basi anacheka hovyo hata pasipo la kuchekesha, ili watu waone pengo. Mimi mgongo unaniuma kwa kuinamia cherehani, lakini tumeshazoeana, siku ukiacha kuniuma nitadhani nimekufa.

Sasa kaa chini. Nataka kukueleza habari za pikipiki yako, na nakuomba uisome barua hii hadi mwisho kabla hujashika simu. Nakujua mimi. Wewe ukikasirika mdomo unatangulia, akili inafuata nyuma ikichechemea.

Unakumbuka Jumapili ile uliyopiga simu ukifoka. Kitu usichokijua ni kwamba mpwa wako alikuwa ameweka sauti ya juu, chumba kizima tulikusikia. Ulisema ulipoondoka tangi likijaa lilibeba mikate wiki nzima, sasa siku ya tatu limekauka. Ulisema lita moja ilikupeleka zaidi ya kilomita arobaini, sasa hata ishirini na tano haifiki, na kwamba unaona kwa macho yako maana mafuta unayalipia wewe kwa simu na picha ya saa ya kilomita nakutumia mimi. Yote hayo kweli. Halafu ukasema pikipiki haina koo, kuna mtu anayafyonza na kuyauza, na mtu huyo ni Mjomba uliyemwachia aiendeshe.

Mjomba alikuwa amekaa pale mlangoni, kiatu amekibana kwa magoti, anakipiga brashi. Nilidhani atanguruma. Mtu aliyetulea tangu mama afariki, aliyekuwa akituchapa kwa kuokota embe la jirani lililodondoka upande wetu! Wapi. Aliisogelea simu taratibu, akasema, "Umesema kweli, mwanangu. Nisamehe. Nitajirekebisha." Akainuka akatoka, kiatu kimoja kinang'aa na kingine kina vumbi.

Wewe ukakata simu. Kumbe hukutosheka. Kesho yake ukampigia mwenye tanuri, ukamwambia amchunge. Hilo hukuniambia, nimelisikia kwa mwenye tanuri mwenyewe. Tangu siku hiyo Mjomba anahesabiwa mikate mara mbili, ikipakiwa na makreti yakirudi, mbele ya wale vijana wa tanuri waliokuwa wakimpisha akipita. Anasimama, anangoja wamalize, anawaambia ahsanteni. Nilimwona kwa macho yangu siku nilipokwenda kununua mkate, nikarudi nyumbani bila huo mkate.

Sikudanganyi, nami nilimkasirikia. Mtu amekiri, utasema nini tena? Lakini haikunishuka. Kwanza nikaipeleka pikipiki kwa fundi, kama ulivyoagiza. Akafungua kabureta, akachomoa plagi, akakung'uta chujio la hewa, akapitisha kiganja chini ya tangi lote kutafuta unyevu. Hakuna panapovuja. Matairi yana upepo, mnyororo haujakaza kupita kiasi. Akanifungia akaniambia hana la kutengeneza hapo. Basi nikaamua kwenda kupanda mwenyewe. Nilikuwa na furushi la sare za kupeleka shuleni, nikamwambia Mjomba anipakie akimaliza maduka ya mwisho.

Mdogo wangu, ile pikipiki ililia! Tangu tunatoka hadi tumevuka matuta yote, mlio ule ule mmoja, wa juu, kama mtoto aliyenyimwa. Watu barabarani wanageuka. Nikamgonga mgongoni nikamwambia, "Mjomba, badilisha gia, unaichosha." Akanijibu eti barabara ina watoto wengi, taratibu ndiyo mwendo. Watoto gani? Palikuwa na mbuzi mmoja tu, naye amelala.

Kabla hatujafika shuleni ikakohoa, ikakohoa tena, ikazima. Mimi sina wasiwasi, nakumbuka ulivyonifundisha kule uwanjani siku nilipoangusha uzio wa watu: ikikohoa hivyo, peleka mkono wa kushoto chini ya tangi, geuza koki iende kwenye rizevu, ile akiba ya chini itakufikisha kituo cha mafuta. Nikangoja ageuze. Hageuzi. Nikainama kugeuza mwenyewe, nikakuta koki ipo kwenye rizevu tayari! Tena imeota vumbi la siku nyingi. Mtu anatembelea akiba kila siku, akiba hiyo imsaidie lini? Nikamwambia, "Watu husema akiba haiozi. Yako wewe haipati hata nafasi ya kuoza." Akacheka, lakini kicheko chenyewe kilikaa upande mmoja wa uso. Nikadhani jino.

Tukaanza kusukuma. Akaniambia nishike usukani, yeye akaegemeza bega la kulia kwenye kreti, mkono wa kushoto kautia mfukoni. Jua lile, mlima ule, mtu anasukuma pikipiki mkono mfukoni kama bwana harusi! Pale kituoni tulipojaza nikamwambia arudishe koki mahali pake. Akasema, "Geuza wewe, uko karibu." Mimi nilikuwa upande wa pili kabisa, namlipa mama wa pampu. Hapo ndipo nilipomtazama vizuri.

Nikaigeuza mwenyewe, tukaondoka. Ungekuwa wewe ungepayuka. Tulipokwisha kupeleka sare na kurudi nyumbani nikamwambia nimebakiwa na kitambaa kizuri, nataka kumshonea shati. Akakataa, akasema mashati anayo. Nikamwambia anayo ya kufungia maiti, simama hapa. Nikachukua futi yangu, nikapima shingo, nikapima mabega, nikasema inua mikono nipime kifua. Wa kulia ukapanda. Wa kushoto ukafika usawa wa tumbo ukakwama hapo. Akautazama kama vile si wake. Nikasema inua, Mjomba. Akasema, "Nimeinua."

Nililia, we mtoto. Nililia mbele yake na futi ikiwa shingoni mwangu, hadi akaanza kunibembeleza yeye. Ndipo akasema. Aliamka asubuhi moja miezi mitatu nyuma, mkono umelala, mguu nao mzito. Akasubiri viamke. Vidole vinashika kidogo lakini havikazi. Na wewe unajua zaidi yangu kwamba katika pikipiki kushoto ndiko kwenye kazi: klachi mkono wa kushoto, gia mguu wa kushoto, koki kushoto. Basi alijitungia uendeshaji wake. Anaibana klachi kwa kiganja kizima wakati wa kuondoka, anakanyaga gia ya pili, anakwenda hiyo hiyo hadi duka la mwisho. Koki aliigeuza mara moja kwa mkono wa kulia, akaiweka kwenye rizevu na kuiacha hapo, ili asije akazimikiwa na mzigo barabarani akashindwa kuigeuza mbele ya watu. Hakufikiri kwamba akiimaliza hiyo hana nyingine.

Kwa hiyo swali lako la nani anakunywa mafuta, jibu ni hilo. Pikipiki yenye makreti ya mikate inakimbizwa kwa gia ya pili kutwa nzima, isinywe kwa nini?

Nilimpeleka hospitali kesho yake, akibishana njia nzima. Daktari alisema ni kiharusi kidogo, na presha yake iko juu sana, na tuna bahati ya ajabu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na chake kilikuwa kinapakia watu nyuma ya pikipiki! Sasa anakunywa vidonge asubuhi na jioni, na anafinya mpira wa kitambaa niliomshonea. Kidole gumba kimeanza kutii. Daktari ana matumaini kwamba mkono utarudi kwa sehemu kubwa, ila pikipiki asiiguse kwa sasa.

Usiulize nani anasambaza mikate. Ni mimi. Ndiyo, mimi, na mgongo wangu. Nazunguka maduka asubuhi, nikirudi nakaa kwenye cherehani. Mjomba anasikiliza mlio kutoka mlangoni, nikishuka tu ananiambia gia ya tatu nimechelewa. Wiki ya kwanza nimeendesha kama ulivyonifundisha, tangi limefika Jumamosi na rizevu sijaigusa. Najua wewe ni mbishi, ungesema, "Si unaona, Mjomba alikuwa anaiba!" Kwa hiyo wiki hii nimekwenda kwa gia ya pili tu, makusudi, barabara zile zile, mzigo ule ule. Shemeji yako ameniambia nimerogwa. Siku ya tatu limekauka kama lilivyokuwa likikauka kwake. Picha za saa ya kilomita nimekutumia, zitazame.

Ninachokuomba ni kimoja. Mpigie mwenye tanuri. Mimi nimekwisha kumweleza kila kitu, naye amesikitika, amesema nafasi ya Mjomba ipo, akipona atapewa kazi ya kupokea maagizo, akae kwenye kiti. Lakini wale vijana bado wanamtazama vile. Neno la wizi lilitoka kwako, na mimi siwezi kulifuta kwa niaba yako. Mwambie aweke sauti ya juu, kama ilivyokuwa ya juu siku ile kwetu, useme wasikie wote kwamba ulimkosea.

Sikuandikii kukusimanga. Huko uliko unafanya kazi ya kusimama kutwa, unalipia mafuta ya mbali usiyoyaona, mtu yeyote angeingiwa na shaka. Kisha mwenyewe alikubali. Hata mimi nilimuuliza kwa nini alikubali, akajifanya anatafuta mpira wake. Leo ndiyo nimejua, nitakueleza hapo chini.

Shemeji yako anakusalimu sana, anauliza kama ile miwani uliyoahidi bado iko njiani au inatembea kwa miguu. Mpwa wako anakusalimu, anasema umletee meno. Fundi wa pikipiki naye anakusalimu. Msalimie wifi yangu na majirani zenu wote wanaokutendea mema, Mungu awazidishie.

Mjomba pia anakusalimu. Aliponiona nachukua kalamu alikuja akakaa kando yangu, mpira wake mkononi, akaniambia nisikuandikie habari za ugonjwa. Nikamuuliza niandike nini basi kuhusu mafuta. Akasema, "Akisikia naumwa ataacha kazi arudi, namjua. Akisikia mimi mwizi atakasirika tu, halafu ataendelea na kazi yake. Mwandikie kwamba nimeacha kuiba."

Nikamwitikia, ndiyo Mjomba, nitaandika hivyo. Amekwenda kulala ameridhika. Usirudi, yuko mikononi mwetu na anapona. Lakini mpigie simu leo hii, mdogo wangu. Usingoje kesho.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe kazi yenye heri na usingizi mwema.

Ni mimi dada yako, akupendaye hata anapokukaripia.