Miguu Mipya ya Kipanya na Ile Simu Niliyokukatia

Mama mpendwa,

Habari ya siku nyingi? Goti linaendeleaje na hii baridi, na chai inachumwa ama mvua imezidi? Mimi mwili ni mzima. Kikohozi kimeisha, na blanketi ulilonipa linafanya kazi yake, maana baridi ya Eldoret unaijua kuliko mimi.

Jumamosi tatu zimepita bila simu yako. Nikipiga mimi, Kerubo ndiye anayepokea na kusema uko shambani, hata nikisikia mvua ikipiga mabati nyuma yake. Dada yangu ni mwalimu wa chekechea lakini kudanganya hajui. Najua umeumia. Ulinisalimia kwa lugha yetu, nami nikakujibu kwa Kiswahili, maneno matatu makavu, nikakata. Kerubo ameniambia ulibaki na simu mkononi ukauliza kama mtoto wako anakuonea haya. Hilo limenikaa kifuani, ndiyo maana naandika. Usinicheke kwamba hata barua ni ya Kiswahili. Lugha yetu ulinifundisha kuongea, kuiandika sijui.

Nimekuambia natengeneza kompyuta, na ni kweli, lakini nusu ya duka ni vijana wanaokuja kucheza michezo ya kompyuta. Wananiita Deno. Jina langu lingine hakuna anayelijua. Nimeshika agizo lako la siku ile naondoka: nisiseme nilizaliwa hapa, niseme nimekuja kutafuta kazi tu, na simu za nyumbani nipokelee mbali na watu. Jioni naingia chumba changu huku mtaa wa West Indies, majirani wananisalimia vizuri, nawajibu, nafunga mlango. Mama, niko mpweke. Hata unga wa mtu mmoja nimeshindwa kukadiria. Kila siku nasonga ugali wa watu wanne, halafu asubuhi nakula kiporo na chai.

Sasa nikueleze siku ya ile simu. Kuna kijana anaitwa Kibet, kwao ni Moiben, anasoma chuo kule Kesses. Ndiye mchezaji hodari kuliko wote wanaoingia kwetu. Wiki ile alikuwa na mashindano ya wanafunzi siku ya Jumamosi, na siku mbili kabla akaniletea kipanya chake, kile kidude cha mkononi cha kuendesha mshale kwenye kioo cha kompyuta. Chini yake kina miguu, vipande vyembamba vya plastiki laini, na vyake vilikuwa vimelika hadi kipanya kinakwaruza meza. Nikabandua ile ya zamani, nikasafisha gundi kwa spiriti, nikabandika mipya. Kazi safi kabisa.

Wewe utaelewa kuliko mtu yeyote. Unakumbuka ulipofunga mguu wa plastiki kwenye cherehani ili ushone viti vya reksini, ile ngozi bandia? Urefu wa mshono hukuugusa, mashine ilikuwa ile ile, lakini kitu kiliteleza mbio na mshono wa kwanza ukakimbilia pembeni, kwa sababu mkono wako ulizoea kusukuma. Ukaitukana ile mashine mchana mzima. Basi ndivyo ilivyompata Kibet. Akilenga shabaha, mshale unaipita. Alitolewa mapema, mbele ya marafiki zake.

Alirudi dukani mchana ule ule na wenzake watatu, duka limejaa. Akaweka kipanya mezani mbele yangu.

"Umegusa sensitivity, Deno. Usinidanganye. Kama kazi imekushinda, si urudi kwenu?"

Alimaanisha nimebadilisha kipimo cha kasi ya mshale. Lakini hayo maneno ya kurudi kwetu unayajua. Ndiyo yaliyoandikwa kwenye karatasi tuliyoikuta chini ya mlango baada ya uchaguzi, nikiwa darasa la pili, jioni ile tulipoacha sufuria kwenye jiko tukakimbia. Nafikiri yeye aliyasema kama mtu mwenye hasira tu. Lakini niliona watu wote dukani wananiangalia. Hapo ndipo simu ikalia, na ulikuwa wewe.

Sikukuonea haya, Mama. Niliogopa. Niliogopa wasikie lugha yetu.

Jumatatu nilikaa na kipanya kile alichokiacha mezani. Nilisogeza polepole sentimita kumi kwenye rula, nikatia alama mahali mshale ulipofika. Nikachukua kingine cha aina ile ile chenye miguu iliyolika, nikafanya vivyo hivyo. Mishale ilisimama mahali pamoja. Kipimo hakikuwa kimebadilika hata kidogo. Kilichopungua ni ule ukinzani wa meza, na mkono wa Kibet ulikuwa bado unapigana nao. Kosa langu lilikuwa moja, nalo ni kubwa kwa fundi: miguu haibadilishwi siku mbili kabla ya mashindano. Nilipaswa kumkataza.

Alikuja Jumatano, peke yake. Nikamwonyesha rula, nikamwambia na kosa langu pia. Nikamweleza ama apunguze kasi ya mshale kidogo, ama aupe mkono wiki mbili ujifunze, ama aweke kitambaa kizito chini. Ili aone, nikavuta kile kitambaa chako cha meza, ulichonifungia chakula siku ya safari. Mimi hufunikia vifaa vyangu nacho. Akajaribu juu yake, mshale ukatulia. Akapapasa ule upindo wako, akauliza nani ameshona kazi safi namna hii. Nikasema mama yangu.

"Alishonea wapi?"

Nilikuwa na jibu lako tayari, lile la kutafuta kazi. Sijui lilipotelea wapi.

"Hapa hapa Eldoret," nikamwambia. "Kabla hatujafukuzwa. Nilizaliwa hapa."

Kidole chake kilibaki kwenye upindo. Halafu akasema lile neno la Jumamosi lilimtoka bila kufikiria, na kwamba kwao hawazungumzi mambo ya wakati ule, hata mezani. Akaniuliza jina langu lingine. Nikamwambia Momanyi. Alilitamka vibaya, nikamsahihisha, akalirudia. Hatujawa marafiki, nisikudanganye. Ila akiingia sasa haniiti Deno.

Nisalimie Nyanya, na umwambie meno yangu bado yote yapo. Nisalimie Mjomba anayetuangalizia chai, asichoke. Kerubo mwambie aendelee kufundisha watoto, uongo awaachie wenyewe.

Na wewe, Mama, nakuomba kitu kimoja. Nipigie Jumamosi saa nane mchana. Saa hiyo duka huwa limejaa hadi mlangoni, na sitatoka nje. Nitakujibu kwa lugha yetu, kuanzia salamu hadi mwisho, na nitakuuliza goti lako kwa sauti. Ukisikia sauti inatetemeka, usikate. Endelea tu kuongea, mimi nitakuwa nakufuata.

Ni mimi mwanao,
Momanyi